Stempu ya Babu Hainunui Bodaboda

Jumamosi moja alasiri, kijana wa mtaani kwetu hapa Likombe, Mtwara, aliegemeza baiskeli yake kwenye mkorosho ulio mbele ya baraza yangu, akanipa shikamoo, kisha akachomoa bahasha kuukuu kutoka katikati ya daftari. "Babu, wamenielekeza kwako. Wanasema wewe ndiye mtu wa stempu. Hii tumeikuta kwenye sanduku la marehemu babu yetu. Eti inaweza kununua bodaboda?"

Nikavaa miwani. Ilikuwa stempu ya simba, toleo la miaka ya 1950, yenye kichwa cha Malkia Elizabeth na majina matatu: Kenya, Uganda, Tanganyika. Safi, haina mkunjo, meno yake yote yamo. Nikamwambia kweli tupu: mjukuu wangu, ukimpata mtu wa kukupa hela ya chai na chapati kwa stempu hii, mshukuru Mungu. Kijana akasawijika. Lakini hakuondoka, na kilichomkalisha nitakieleza mbele kidogo.

Miaka yote niliyokusanya vipande hivi vya karatasi nimeona jambo moja. Wanaotaka kuanza hawashindwi na ugumu wa kazi yenyewe, maana haina ugumu. Wanaharibiwa na hadithi. Bila shaka nawe umezisikia, kama si kijiweni basi kwenye daladala, au kwenye video iliyorushwa simuni na mtu asiyewahi kushika kibano. Tuziweke mkekani moja moja.

"Ya kale dhahabu: stempu ikishazeeka ni mali."

SI KWELI. Wahenga walisema ya kale dhahabu, na kwenye mashauri ya ndoa na mashamba huenda walipatia. Kwenye stempu, hapana.

Chukua stempu ya kwanza kabisa duniani, ile nyeusi ya peni moja ya Kiingereza yenye kichwa cha Malkia Victoria, ambayo wenyewe huiita Penny Black. Ilianza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Huwezi kupata ya kale kuliko hiyo. Lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68, na Waingereza wa siku zile walitunza barua zao, kwa hiyo zimebaki nyingi. Iliyotumika, yenye kasoro mbili tatu, inapatikana kwa bei ya chini ya simu janja. Sasa pima: kama mama wa stempu zote anauzwa hivyo, huyo simba wa 1954 ambaye alibandikwa kwenye barua za Afrika Mashariki nzima, kutoka Kisumu hadi Mikindani, atauzwaje?

Kinachopandisha bei ni mambo matatu yakikutana: ziwe chache, ziwe katika hali nzuri, na wawepo watu wanaozitaka. Likikosekana moja, umri peke yake haufui dafu. Mfano wake mkubwa ni stempu ya senti moja ya Guiana ya Uingereza ya mwaka 1856, karatasi ya rangi ya zambarau iliyofifia, pembe zake zimekatwa, ukiiona utadhani ni kipande cha boksi la sabuni. Iko moja tu inayojulikana. Mwaka 1873 iliokotwa katika karatasi za nyumbani na mvulana wa miaka 12, akaiuza shilingi 6. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani New York kwa takriban dola milioni 9.5.

Wasimuliaji wa vijiweni huishia hapo. Hawasemi kwamba mwaka 2021 stempu hiyo hiyo iliuzwa tena, mara hii kwa dola milioni 8.3. Aliyekuwa nayo alikula hasara ya zaidi ya dola milioni moja, na hiyo ndiyo stempu ghali kuliko zote! Kwa hiyo anayekushawishi uanze kukusanya ili utajirike, mwombe kwanza akuoneshe bodaboda yake.

Nimeanza na hadithi hii makusudi, kwa sababu ndiyo inayofukuza watu. Mtu anayekuja kwa tamaa ya bodaboda huondoka siku ya kwanza anapoambiwa bei.

"Stempu ni mambo ya Wazungu. Huku Kusini kuna nini cha kukusanya?"

SI KWELI, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo damu yangu inapochemka.

Ukitoka Mtwara mjini, ukashika njia ya Kilambo, ukavuka Mto Ruvuma na kuelekea Palma, utapita mahali panapoitwa Kionga. Wareno huandika Quionga. Watu wa huku wana ndugu kule na wa kule wana ndugu huku, na mpaka haujawahi kuzuia arusi. Mwaka 1894 Wajerumani walipachukua mahali hapo, wakapaingiza katika koloni lao ingawa pako upande wa kusini wa mto. Wareno wakanuna kwa zaidi ya miaka 20. Vita Kuu ilipowafikia, Aprili 1916 wakapatwaa. Na tarehe 29 Mei mwaka huohuo wakafanya jambo ambalo leo linawafanya watu wa Lisbon, London na New York walijue jina la kijiji cha jirani zetu: wakakipa stempu zake.

Ziko nne tu. Nusu sentavo, sentavo moja, mbili na nusu, na tano. Hazikuchorwa upya. Walichukua stempu za buluu za réis 100 za Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, wakazigonga chapa nyekundu juu yake.

Hii ndiyo iliyomkalisha yule kijana. Niliingia ndani nikaleta ya kwangu, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe, nikampa kioo cha kukuzia. Nikamwambia, isome kama unavyosoma mchanga baada ya maji kupwa, ukitafuta nani amepita. Akaanza. Chini kabisa kuna uso wa mwanamume mwenye masharubu: huyo ni Mfalme Carlos wa Ureno, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1908. Juu yake pamegongwa neno REPUBLICA, kwa sababu mwaka 1910 Wareno waliung'oa ufalme wenyewe. Hesabu ya réis nayo imefutwa, imewekwa ya sentavo, maana hata pesa ilibadilishwa. Halafu, kwa herufi ambazo kijana alizisoma mara mbili kwa sauti, KIONGA.

"Babu, Kionga hii hii? Bibi mzaa mama ametoka huko!"

Basi. Bodaboda ilisahauliwa. Alikaa mpaka adhana ya magharibi, akiuliza iweje mfalme aliyekufa mwaka 1908 awe bado anasafirisha barua mwaka 1916, na kwa nini karatasi ndogo kuliko ukucha wa dole gumba iwe imebeba ufalme, jamhuri na vita kwa pamoja. Maswali mazuri kuliko lile alilokuja nalo. Mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukaithibitisha Kionga kuwa ya Ureno, na ndiyo maana leo iko Msumbiji na haiko Tanzania. Stempu zake huonekana mara kwa mara kwenye minada, wala bei yake si ya kutisha.

Bado sijamaliza, maana kuna Sudi. Wavuvi wanaijua ile ghuba iliyoko kati yetu na Lindi, inavyoficha chombo. Wakati wa vita hivyo manowari za Waingereza zilizingira pwani ya koloni la Wajerumani, meli zisiweze kuingia wala kutoka kirahisi. Stempu zikawaishia Wajerumani. Wakaenda kwa wamisionari wa Wuga, kule Usambara, waliokuwa na mtambo wa kuchapa, wakawachapishia stempu za dharura: heller mbili na nusu, saba na nusu, na rupia moja. Kazi za mkono wa kijijini, hazina madaha. Kabla hazijaanza kutumika, Machi 1916, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ikapenya kizuizi na kutia nanga Sudi. Ilibeba silaha na risasi, mizigo ikachukuliwa kichwani na wapagazi kwenda bara, na humo ndani mlikuwa na stempu rasmi kutoka Ujerumani.

Zile za Wuga zikakosa kazi. Zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1921 zikaenda kufukuliwa. Unyevu ulikuwa umeshazila nyingi, na zilizosalia zikauzwa kwa wakusanyaji. Kwa hiyo anayenunua stempu ya Wuga huko Ulaya leo ananunua kisa cha meli iliyoingia Sudi. Sisi tunaopita njia panda ya Sudi kwa basi tukila korosho ndio tunaosema hatuna cha kukusanya.

Nisingetaka kuorodhesha, ila ujue tu kwamba hiyo ni miaka miwili mitatu ya pwani yetu. Mafia ilikuwa na stempu zake za 1915, zilizogongwa chapa G.R. MAFIA juu ya stempu za Mjerumani. Mwaka 1917 zikaja zenye herufi G.E.A., za Mwingereza aliyetwaa koloni. Mwaka 1922 akaja twiga wa Tanganyika. Historia ambayo darasani ilitusinzisha, kwenye stempu unaishika kwa kibano.

"Stempu iliyokosewa ndiyo yenye bei."

NUSU KWELI. Makosa halisi ya kiwandani hutafutwa sana. Novemba 1895 posta ya Unguja ilipoanza kutumia stempu za Bara Hindi zilizogongwa chapa ya neno Zanzibar, wachapaji walichanganya herufi, na baadhi zikatoka zimeandikwa "Zanzidar", nyingine "Zanibar". Hizo kweli zina watu wake, na watu wake wana pesa.

Lakini si kila kioja ni kosa. Wenzetu wa Bahari ya Hindi, kisiwa cha Mauritius, walitoa stempu mbili mwaka 1847 zikiwa na maneno yenye maana ya "Ofisi ya Posta", moja ya peni moja na nyingine ya peni mbili, 500 kila aina. Kwa miaka mingi ikasimuliwa kwamba mchongaji, Joseph Barnard, alisahau maneno aliyoagizwa, akaenda kuyatafuta, akaliona jengo la posta, akachonga alichokisoma ukutani. Hadithi tamu! Watafiti walipozifungua kumbukumbu hawakuona kosa lolote. Maneno hayo yalikuwa yakitumika pale posta hata kabla. Stempu zenyewe ni ghali mno, kwa kuwa zimebaki chache. Kosa halimo.

Na kuna wanaotengeneza makosa na vitu adimu kwa mikono yao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani ziligongwa muhuri wa mkono, JAMHURI 1964. Ni kumbukumbu ya ajabu, wino wa watu wenye haraka. Lakini muhuri wa mkono hata fundi wa mihuri wa mjini anaweza kuuiga. Ukiuziwa moja kwa maneno mengi, kumbuka chema chajiuza. Nunua kwa mtu unayemjua, au subiri.

"Ukiona stempu nzuri, ibandue upesi."

SI KWELI, na hapa walio sahihi ni wazee. Nilikuwa na jirani, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyekuwa akitunza barua zake zote kwenye bati la biskuti. Alikuwa na kauli yake: stempu bila bahasha ni shahidi aliyesahau kesi. Mimi kwa ujana nikamwona mshamba. Siku moja nikapata bahasha yenye muhuri wa Mikindani, wa miaka ya ukoloni, tarehe inasomeka vizuri. Nikaiweka kwenye bakuli la maji. Stempu ikatoka, safi, nikafurahi. Muhuri ulikuwa nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Nilibaki na herufi DANI.

Bahasha nzima inakuambia barua ilitoka wapi, lini, ilipita njia gani na kwa gharama gani. Stempu ya kawaida kabisa, ya bei ya chai na chapati, inaweza kuwa na muhuri wa posta ndogo iliyofungwa zamani, na hapo muhuri ndio unaotafutwa. Ndiyo maana anayekuambia stempu ikigongwa muhuri imekwisha kazi, naye amekosea.

Kama bahasha imechanika ovyo na muhuri hausomeki, sawa, bandua. Kata karatasi kuizunguka stempu, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ijiachie yenyewe, usiivute. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi, ikikauka iweke ndani ya kitabu kizito. Bahasha nyekundu au za kaki ziloweke peke yake, maana hutoa rangi. Zile za kisasa za kujinata mara nyingi hazijiachii hata ukiziombea dua. Kata na karatasi yake.

"Imeandikwa Tanzania, basi imepita posta yetu."

SI KWELI. Geuza nyuma uone. Miaka ya 1980 na 1990 nchi nyingi, nasi tukiwamo, zilitoa stempu lukuki za kuuzia wakusanyaji wa nje: dinosaria, paka wa Kizungu, waigizaji wa sinema. Nyingi hazikuwahi kuiona barua. Alama yake ni rahisi: muhuri wa pembeni, umekaa sawasawa kama umepimwa kwa rula, na nyuma gundi iko kamili, haijalambwa. Stempu iliyosafirisha barua itakuwaje na gundi yake? Si za kughushi, na watoto huzipenda kwa rangi zake. Ila usilipie bei ya msafiri kwa asiyetoka nyumbani.

"Karatasi huanikwa kivulini."

KWELI TUPU. Hii si ya kijiweni, ni ya bibi zetu, ambao walianika vitabu na hati za nyumba kwenye ukumbi wenye upepo, kamwe si juani. Jua hufifiza wino, hilo halina mjadala. Na joto la pwani yetu, likichanganyika na unyevunyevu wa masika, huifanya gundi ya stempu ilainike na kushika ukurasa wa albamu, halafu ukungu ukaweka madoa ya rangi ya kutu. Kufungua albamu mara kwa mara zikapata hewa ni dawa bora kuliko kuzifungia kabatini. Mimi huongeza vile vipakiti vyenye punje za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na naweka albamu wima, mbali na ukuta.

Mende nao wanapenda gundi kuliko wewe unavyopenda stempu. Walioonya juu ya kulia wali karibu na sanduku la nyaraka walijua wanachosema. Na kuhusu kushika stempu kwa vidole vyenye mafuta ya samaki wa kukaanga sihitaji kutoa hukumu. Kibano ni bei ndogo.

"Ni mchezo wa wazee na matajiri. Mtoto wa leo humpati."

SI KWELI. Pale London kuna Makumbusho ya Posta, na miongoni mwa vitu vyake imo albamu ya stempu ya mtoto wa shule. Mtoto huyo alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na baba yake naye alikuwa mkusanyaji. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Kabla ya majukwaa na maikrofoni, alikuwa mtoto wa pwani anayepanga vipande vya karatasi ukurasani kwa kufuata rangi na umbo.

Bulsara alikuwa na baba wa kumwonesha, na hapo ndipo siri ilipo. Hakuna anayeingia kwenye stempu kwa tangazo. Huingia kwa kuoneshwa na mtu. Kosa letu wakusanyaji ni kwamba akija mgeni tunamtwisha albamu nene, orodha za bei na majina ya Kijerumani. Naye anaaga.

Nilijifunza kwa bahati. Watoto wanne wa wavuvi walinikuta napanga lile toleo la Tanzania la mwaka 1967, lote samaki. Sikuwaambia lolote kuhusu stempu. Mmoja akasema, huyu chewa. Mwenziwe akamkatalia, chewa gani ana rangi ile? Wakabishana mpaka akaitwa kaka mtu kuamua, naye akaja na jina la tatu. Wiki iliyofuata walirudi kuuliza kama kuna nyingine. Zilikuwapo: za vipepeo, za 1973. Mmoja wao sasa ana daftari lake, stempu zimepachikwa kwenye vipande vya nailoni alivyoshona mwenyewe, na kila ukurasa una jina la samaki kwa Kiswahili na kwa Kimakonde. Gharama yote haifiki vocha ya mwezi.

Kwa hiyo ukitaka kumwingiza mtu, usimpe albamu. Mpe stempu moja inayomhusu. Mvuvi mpe samaki, mwenye ndugu Palma mpe Kionga, mwalimu wa historia mpe JAMHURI.

"WhatsApp imeshaua stempu."

KWELI KIASI. Barua za salamu zimekwisha, tusidanganyane. Mara ya mwisho kuandikiwa na mtu "natumaini u mzima wa afya kama mimi" sikumbuki ilikuwa lini. Na hata ukipeleka kifurushi, mara nyingi utabandikiwa karatasi ya mashine badala ya stempu. Lakini Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994, bado hutoa matoleo mapya. Ukiomba dirishani kubandikiwa stempu, omba kwa adabu na mapema, kabla karani hajachapa ile karatasi.

Simu yenyewe, ukiniuliza, imetusaidia zaidi ya ilivyotuumiza. Zamani mkusanyaji wa Mtwara alikuwa kama mvuvi wa mtumbwi mmoja. Asingejua mwenziwe wa Tanga ana nini. Leo napiga picha bahasha, naituma, na kabla chai haijapoa nimeshajibiwa kuwa muhuri ule ni wa posta gani. Na kila tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, mwalimu yeyote anaweza kuwaandikisha watoto barua moja ya kweli, wakaibandika stempu ya kweli na kujitumia wenyewe kwa S.L.P. ya shule. Kisha waingoje. Kungoja barua ni jambo ambalo kizazi hiki hakijawahi kulionja, na nimeona wanavyoshangilia ikifika.

Yule kijana wa bodaboda bado huja Jumamosi. Stempu ya simba hakuiuza. Alirudi nyumbani akaligeuza sanduku la babu yake chini juu, akakuta barua kumi na moja, moja imeandikwa kwa kalamu ya wino na imetoka ng'ambo ya Ruvuma. Bado tunaisoma, maana mwandiko ni wa zamani na maji yaliingia upande mmoja.

Kwenu pia liko sanduku kama hilo, au bati la biskuti, au mfuko uliotundikwa darini. Msimu huu kabla hamjachoma takataka za nyumba ya marehemu, lifungueni kwanza. Na mkikuta bahasha, msiibandue stempu, ileteni nzima.